Ni haya yake, ni huzuni, au ni maradhi? Jibu kwa mama wa Langoni, Lamu

Swali:

Assalamu alaykum daktari. Mimi ni mama wa watoto wanne, niko Lamu, mtaa wa Langoni. Binti yangu wa tatu ana miaka 19. Tangu utotoni ni mtu wa haya, hapendi makundi, na kila afanyalo ataka liwe sawasawa. Hushona kofia, na tobo moja likienda upande hufumua safu nzima. Alipokuwa na miaka 16 alianza kusema pua yake ni pana na imepinda. Sisi hatuoni kilichopinda. Siku hizi yuko na kioo au kamera ya simu mchana kutwa, harusini haendi, na tangu Ramadhani amepoa, hali vizuri, usiku analia. Juzi alisema heri asingezaliwa. Shangazi yake asema ni deko na kuringa. Hospitali walimpa dawa za huzuni, akazimeza mwezi mmoja, hatukuona badiliko, akaacha. Mjomba wake wa Mombasa ataka tuchange akapasuliwe pua. Nauliza: hii ni tabia aliyozaliwa nayo, ni huzuni, au ni ugonjwa? Na kipi kimezaa kingine? Kioo kilichokuwa kwenye kidaka cha ukutani nilikiondoa usiku mmoja alipokuwa akilia. Na mwezi ujao kuna harusi ya mpwa wangu, jamaa wamenikalia, lazima aje.

Jibu:

Wa alaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh, dadangu.

Nitaanza na neno moja katika yote uliyoandika, kwa sababu hilo halingoji. Mwanao amesema heri asingezaliwa. Leo hii, kabla hakujakucha kwingine, kaa naye mahali pasipo masikio ya watu umuulize waziwazi: "Mwanangu, wafikiria kujiua?" Najua neno hilo lilivyo zito mdomoni mwa mzazi. Lakini kuuliza hakumtii mtu fikira hiyo. Aliye nayo hushusha pumzi, maana amepata wa kushika upande wa pili wa mzigo. Akikujibu ndiyo, au akinyamaza kimya cha kukutisha, asiachwe peke yake, dawa zote za nyumbani zifungiwe, na siku hiyo hiyo afike hospitali ya kaunti. Usiku ukiwaingilia, pigeni 1199, laini ya bure ya Msalaba Mwekundu.

Sisemi haya kukutia hofu bure. Kwa maradhi ninayoyashuku kwa mwanao, tafiti zilizofanywa Marekani zilikuta kwamba karibu wagonjwa wanne kati ya watano wamewahi kufikiria kujiua, na kama mmoja kati ya wanne amewahi kujaribu. Ni hesabu kubwa hata kwa maradhi ya nafsi. Na kama kuna mtu nyumbani anayeogopa kwamba mkienda hospitali mtaitiwa polisi, mwambie hivi: kifungu cha 226 cha sheria ya jinai ndicho kilichohesabu jaribio la kujiua kuwa kosa, na Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kuwa kifungu hicho kinapingana na katiba. Familia nyingi za pwani zimeficha wagonjwa wao kwa hofu hiyo. Nyinyi msifiche.

Sasa swali lako. Limenigusa kwa sababu hukuuliza jina la ugonjwa tu, umeuliza kipi kimezaa kingine, na hapo ndipo matibabu mengi hupotea njia. Nikujibu kwa mfano wa kwenu. Chukua mashua inayovuja. Mbao zake ni tabia: nyingine nene, nyingine nyembamba, ndivyo seremala alivyozipata. Ufa ni maradhi. Maji yaliyojaa ndani ni huzuni. Mwanao ana mbao nyembamba, ufa umefunguka akiwa na miaka 16, na haya unayoyaona tangu Ramadhani ni maji. Dawa za mwezi mmoja zilikuwa kufua maji tu, na ufa haukutiwa kalafati ya kuuziba.

Barua peke yake haitoshi kumpima mtu, na mimi ni mwanasaikolojia, si daktari wa kuandika dawa. Lakini uliyoyaeleza yana sura ya maradhi yanayoitwa dismofia ya mwili: mtu kuandamwa na kasoro katika umbo lake ambayo wengine hawaioni, au waiona kitu kidogo mno, naye imemjazia dunia yote. Aliyeyapa jina la kwanza ni daktari wa Italia, Enrico Morselli, mwaka 1891. Hapa Malindi tumeishi na Waitaliano miaka mingi hata watoto wa ufuoni wakazungumza lugha yao, lakini maneno ya huyu daktari wao hayakutufikia, nami husikitika kila nikikumbuka wangapi walipita mikononi mwetu tukawaita wenye deko. Katika nchi zilizopimwa, watu kama wawili katika kila mia wanayo, wanaume kwa wanawake. Wengi huanza kabla ya kutimiza miaka 18. Na mahali panaposhikwa zaidi ni ngozi, nywele na pua.

Mwaka 2013 madaktari wa akili wa Marekani waliyahamishia kwenye jamaa moja na maradhi ya mawazo yanayojirudia na vitendo ambavyo mtu hujiona hana budi kuvifanya, na Shirika la Afya Duniani likafanya vivyo hivyo katika orodha yake inayotumika tangu 2022. Jamaa hiyo waijua, japo hukuisikia kwa jina hili. Bila shaka mtaani kwenu yuko, au alikuwako, mtu mwenye wasiwasi wa udhu. Aosha mkono, auona haujatwaharika, aosha tena. Jamaa wamwambia udhu wako umetimia, atulia kidogo, kisha moyo wamwambia labda pale kwenye kiwiko, arudi birikani. Jamaa washamaliza kuswali, yeye yuko bombani. Hakuna anayesema mtu huyo apenda maji. Hakuna anayesema aringa kwa usafi wake. Kila mtu ajua ameshikwa.

Basi mwanao ana wasiwasi wa pua. Kioo ndiyo birika yake. Kila akitazama apata nafuu ya dakika mbili au azidi kuumia, na yote mawili humrudisha pale pale. Na wewe unapomwambia "pua yako haina kitu, mamangu", wafanya alichofanya yule aliyesema "udhu wako umetimia". Maneno ni ya kweli, ya mapenzi, na hayakai. Nusu saa baadaye atauliza tena, au ataacha kuuliza kwa sababu amejiambia mamangu anionea huruma tu. Wagonjwa wengi hupoteza saa tatu hadi nane kwa siku katika mawazo haya. Ukimwona mvivu siku hizi, kofia moja yamchukua mwezi, jua hana saa za kushonea.

Tuje kwenye tabia, maana hapo ndipo shangazi mtu amekosea, na amekosea kwa jambo ambalo karibu kila mtu hukosea.

Mwaka 2000 Katharine Phillips na Susan McElroy, madaktari wa Marekani ambao wameyafuatilia maradhi haya kwa miaka, walichapisha kazi waliyoifanya kwa kuwapima wagonjwa silka zao. Walikuta mambo mawili yamesimama wazi. La kwanza, wepesi wa kuumia moyo, kuwa na hofu na kujilaumu, ulikuwa juu sana. La pili, uchangamfu wa kuingia kwa watu ulikuwa chini. Na zaidi ya nusu ya waliochunguzwa kwa undani walikuwa na tabia iliyofikia kiwango cha kuitwa tatizo, ya kwanza kabisa ikiwa ni ile ya kukwepa watu kwa kuogopa kudharauliwa. Kuringa sicho kilichowatambulisha watu hawa. Mwenye kuringa hutaka atazamwe. Mwanao ataka dunia ifumbe macho apite.

Kuna silka nyingine mbili ambazo hatuziulizi vya kutosha, nawe umezitaja zote katika mstari mmoja wa kofia. Nimewahi kukaa na mshonaji wa kofia nikamtazama kwa karibu: amekunja goti, kitambaa cheupe kimekazwa, uzi mweupe juu ya weupe, na vitobo ambavyo mimi kwa miwani yangu naviona sawa vyote. Yeye akasimama kwenye kimoja, akakigusa kwa ncha ya sindano, akasema hiki kimekonda. Nilikitazama mpaka nikachoka, sikuona kitu. Akafumua. Jicho hilo ni neema, kofia yake hununuliwa kwa bei ambayo ya mwingine haipati. Lakini jicho hilo hilo, na ile roho ya kutaka kila kitu kitimie bila dosari, vikigeuzwa uso wake mwenyewe, kwa saa nane, karibu na kioo mpaka pumzi inakitia ukungu, vitapata cha kufumua. Uso wa binadamu hauna safu zilizolingana. Hakuna uso hata mmoja katika Lamu nzima ambao upande wa kulia ni sawasawa na wa kushoto.

Na hili la jicho lina ushahidi wake. Huko California, Jamie Feusner na wenzake waliwaonyesha wagonjwa picha za nyuso huku ubongo wao ukipigwa picha. Hata picha iliyofifishwa, iliyobakishwa umbo la jumla tu, ubongo wao uliishughulikia kwa njia ambazo watu wengine huzitumia kuchambua vijipande vidogo vidogo. Yaani anapokwambia "mama, mimi naiona", hasemi uongo wala hadeki. Aona mishono, haoni kofia. Kubishana naye juu ya pua ni kupoteza mapenzi yenu bure.

Wajua mahali ambapo haya yote hukutana? Harusini. Wengi husema mwanamke wa Lamu ana bahati, buibui limemsitiri, ugonjwa wa sura utamfikia wapi. Wasemao hivyo hawajaingia ukumbini siku ya wanawake. Njiani mwanao amefunikwa, hakuna shida. Ndani ndiko mabuibui huvuliwa, taa zawaka, kila mtu kapaka wanja na poda, simu zawekwa juu, na bibi wa miaka sabini amshika msichana kidevu amgeuze apate kumtazama vizuri, maana labda ana mjukuu wa kuozesha. Kwa msichana mwenye haya, hilo ni gumu tu. Kwa mwenye wasiwasi wa pua, ni mateso. Na watafiti walioonyesha wagonjwa hawa nyuso zisizo na hisia yoyote waligundua kwamba wao huzisoma kuwa zina dharau au hasira, hasa wakidhani zawatazama wao. Wanawake wawili wanongʼona habari ya pilau kuchelewa, yeye ashasikia pua.

Je, tabia hii ya kuona haya ndiyo iliyoleta maradhi? Kwa mpangilio wa wakati, ndiyo hutangulia: wagonjwa wengi walikuwa na hofu ya watu kabla ya dismofia kuanza. Lakini nakuomba usijenge juu ya hilo lawama. Wasichana wenye haya tunao wengi, ni sifa kwetu, na karibu wote huolewa, huzaa, huzeeka bila kujua maradhi haya. Haya ni ubao mwembamba tu, na ufa huhitaji kitu kingine: damu ya ukoo, maana hurithika kwa kiasi, na mara nyingi neno la kejeli. Nikikaa na mgonjwa, mapema au baadaye huibuka siku moja na sentensi moja. "We na pua lako kama..." aliyoisema binamu, wakacheka, wakala halua, wakasahau. Umri wa miaka 13, 14, 15. Huenda mwanao anayo sentensi yake. Usimchimbe. Akikuambia siku moja, usimjibu kwamba walikuwa wakicheza.

Na kitu kimoja zaidi kabla sijaiacha tabia. Usimpime tabia sasa. Mtu akiwa na homa hatumpimi nguvu za mkono. Ukali anaoonyesha kwa ndugu zake, kujifungia, kutoaminika kwa ahadi ("nitakuja" kisha haji), yote hayo huonekana kama tabia na mengi yake ni maradhi. Nimeona waliotibiwa wakarudi kuwa watu ambao mama zao wenyewe walisema, huyu ndiye tuliyekuwa tukimjua. Atabaki mwenye haya, hilo ni lake na lisiondolewe.

Nilikuwa na kijana wa hapa Malindi, ambaye habari zake nimezigeuza asijulikane, aliyekuja kwa sababu ya hasira. Alimpiga ndugu yake. Alikuwa kifua kama mlango, amejengeka kwa miaka minne ya kunyanyua vyuma, na ndani ya joto la kaskazi alivaa fulana tatu, moja juu ya nyingine, ili asionekane mwembamba. Mfukoni alikuwa na futi ya fundi cherehani. Tulipokuwa tukizungumza aliitoa mara mbili, akaupima mkono wake chini ya meza akidhani simwoni. Ugomvi na ndugu yake ulianza pale yule aliposema kwa mzaha "umepungua". Familia ilileta mtu mwenye tabia mbaya. Mimi niliona futi. Wanaume wanayo sana ya namna hii, nao huficha zaidi, na wengine hufikia kujidunga dawa za kukuza misuli ambazo nazo huvuruga hali ya moyo.

Sasa huzuni yenyewe.

Kiasi cha watatu kati ya wanne wenye dismofia hupatwa na sonona, yaani huzuni iliyofikia kuwa maradhi, wakati fulani maishani mwao, na kwa kawaida sonona huja baada ya dismofia, sivyo kinyume. Ndiyo maana nasema yaliyojaa ni maji ya ufa huo. Na si ajabu yalijaa tangu Ramadhani. Mwezi ule nyumba zetu hufunguka, futari za jamaa, wageni baada ya tarawehe, kisha Idi na nguo mpya na picha. Wewe uliona mwezi wa furaha. Yeye labda aliona siku thelathini za kutafuta udhuru.

Lakini maji yakishajaa, nayo huzidisha ufa, na hapa mfano wangu wa mashua hautoshi, chukua kandili. Hali ya moyo ni chimni ya kandili. Ikiwa safi, chumba chaonekana kilivyo. Ikishika masizi, hakuna kilichobadilika chumbani, kila kitu kimeingia giza. Usiku aliolala vibaya, siku aliyogombana na nduguye, siku za hedhi, pua ile ile "huwa" pana zaidi. Wagonjwa wenyewe huliona hili wakisaidiwa, na ni mojawapo ya mambo machache yanayowapa shaka njema. Mpe daftari ndogo. Asubuhi na jioni aandike namba mbili, toka sifuri hadi kumi: leo moyo umelemewa kiasi gani, na pua imenisumbua kiasi gani. Hakuna maelezo, namba tu. Baada ya wiki tatu mkae mzitazame pamoja. Kama pua ilikuwa tisa Jumanne na nne Alhamisi, mfupa haukusogea. Kitu kingine ndicho kilichosogea. Usimwambie wewe hilo. Mwache alisome.

Kuhusu dawa alizoacha. Dawa za jamii ya fluoksetini na sertralini ndizo zinazotumika kwa sonona na pia kwa dismofia, kwa hiyo aliyempa hakukosea mlango. Tofauti iko kwenye kipimo na muda. Dismofia mara nyingi huhitaji kipimo kikubwa kuliko cha sonona, hupandishwa pole pole, na husubiriwa wiki 12 hadi 16 kabla ya kusema imeshindwa. Mwezi mmoja ulikuwa mfupi mno. Inawezekana pia hakumwambia daktari habari ya pua hata kidogo. Wengi hawasemi. Husema sina usingizi, sili, nalia, kwa sababu kuitamka pua mbele ya mtu asiyemjua ni kumwita aitazame. Mkirudi, mwandikie daktari karatasi, sentensi mbili zatosha: huwaza pua yake saa kadhaa kila siku, na huzuni ilianza baada ya hapo. Asijiongezee dawa mwenyewe wala asijikatizie. Na kwa kuwa hajafika miaka 25, wiki za kwanza za dawa, na kila kipimo kinapobadilishwa, awe na mtu wa karibu wa kumwangalia, kwa sababu katika umri huo fikira za kujidhuru huweza kuongezeka mwanzoni.

Kalafati yenyewe, dadangu, ni mazungumzo ya tiba yanayofuata mpango: mtu hufundishwa kuzijua fikira zake, kisha hupunguza kidogo kidogo vile vitendo vya kujirudia na kujificha, na huenda mahali anapopaogopa kwa ngazi, ndogo kwanza. Wengi huponea hapa. Tatizo letu ni umbali. Mtu wa Lamu hawezi kupanda boti mpaka Mokowe na basi mpaka Malindi kila wiki. Lakini mwaka 2016 watafiti wa Uswidi walichapisha matokeo ya tiba hii iliyotolewa kwa intaneti kwa wiki 12, mtaalamu akiandikiana na mgonjwa. Walikuwa watu 94, na katika waliopewa tiba hiyo zaidi ya nusu walipata nafuu kubwa. Nasi twaweza kwa simu. Si sawa na kukaa uso kwa uso, lakini kwa ugonjwa huu, kuanza bila kutazamwa huwa msaada.

Pua isipasuliwe. Nalisema bila kuzungusha. Najua mjomba mtu anatoa pesa zake kwa mapenzi, na namheshimu kwa hilo. Lakini wenye dismofia wanaokwenda kwa kisu walio wengi hawaponi wasiwasi wao. Baadhi huamini wameharibiwa, wakataka wapasuliwe tena, wengine wasiwasi huhama puani ukaenda kwenye ngozi au kidevu. Umekalafati ufa gani hapo? Vivyo hivyo krimu za kujichubua, kama amezianza kimyakimya, na naomba uangalie: zile za magendo zenye zebaki huharibu figo. Liwa yenu na singo havina neno, bibi arusi na ang'are. Lakini vikiwa saa tatu kila siku nyuma ya mlango uliofungwa, navyo vimeingia kwenye birika.

Umeandika mwishoni kwamba ulikiondoa kioo kilichokuwa kwenye kidaka. Kirudishe. Najua ulifanya hivyo usiku mmoja alipokuwa akilia, nami ningekuwa mama yake labda ningefanya vilevile. Lakini ana simu, ana kijiko, ana maji ya ndoo. Kioo kisichokuwepo hukua. Tutamfundisha kukitumia upya: asimame umbali wa mkono mzima, autazame uso wote pamoja na mtandio na mabega, dakika mbili za kujifunga mtandio, kisha aondoke. Akielezea anachokiona, aeleze kama anayemwelekeza mshonaji: iko katikati, ina matundu mawili, rangi yake ni hii. Neno "mbaya" halimo katika vipimo vya fundi.

Na wewe, akikuuliza "mama, pua yangu imepinda?", jibu lako liwe moja: "Hilo swali ni la wasiwasi, mwanangu, nami sitaujibu wasiwasi. Wewe nitakaa nawe." Kisha kaa kweli. Mkate boga, mpepete mchele, chochote. Siku za kwanza atakasirika sana. Mweleze mapema kwa nini utafanya hivyo, na nyumba nzima ifuate, maana shangazi mmoja wa kusema "hebu nione" anatosha kubomoa wiki nzima.

Kama mnamsomea Qurʼani, endeleeni, na awe na wakati wake wa dua. Atakayesema amwombee basi dawa ziachwe, au ambaye mkono wake huenda kwenye fimbo, huyo asiingie kwenu.

Umesema kuna harusi ya mpwa wako mwezi ujao na jamaa wamekukalia, lazima aje. Wajibu kwa niaba yake. Ukumbini asiende safari hii, ni ngazi ya juu mno kwa mwenye kuanza. Lakini siku mbili kabla, nyumba ya bibi arusi itakuwa na wanawake wanne watano wa kutwanga singo. Mwulize kama ataweza kuja hapo kwa nusu saa, akiwa na kofia yake mkononi ya kushona, mtandio apendavyo, nawe uwe karibu na mlango. Akisema robo saa, ni robo saa. Akisema hapana, mtafute ngazi ndogo zaidi.

Namba yangu nimekutumia kando. Usinipigie wewe ukampa simu ghafla. Mwonyeshe barua hii aisome yote, na sehemu ya shangazi yake pia. Akiridhia, anipigie mwenyewe baada ya alasiri siku yoyote isipokuwa Ijumaa. Kamera aifunge. Kijana wangu wa futi alizungumza nami wiki sita bila kuniona, nami bila kumwona, na siku alipoifungua alikuwa amevaa fulana moja.